Mshono wa Batholomeo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na bidhaa zikafurika Dodoma kutoka kila upande, udanganyifu nao ulijipatia ruksa yake. Sokoni hakuna aliyemwamini mwenzake. Ukinunua mpunga, unachoma bambo hadi katikati ya gunia uchote punje za ndani. Ukinunua samaki wakavu, unamwaga gunia zima chini uone kama hamna mawe. Mahali pamoja tu hapakumwagwa kitu, napo ni kwenye kizimba cha Mwanne.

Mwanne aliuza perege wakavu wa Mtera. Batholomeo, aliyewakausha kule bwawani, alishona midomo ya magunia kwa mkono wake, kwa uzi mwekundu wa nyavu, mshono wa kukatiza wenye kifundo mwishoni ambacho hakuna aliyeweza kukiiga. Wateja waliutazama mshono, wakiukuta mzima wanabeba. Bi Kuluthumu, aliyechuuza kwenye vituo vya reli mpaka Gulwe, aliupapasa kwa kidole gumba huku akisimulia habari za wajukuu, kisha akaita mkokoteni.

Halafu likamkuta Iddy, jirani wa kizimba. Aliletewa mzigo na mtu aliyemwita ndugu, akauuza bila kuutazama, kumbe nusu yake ni mawe na samaki walioliwa na wadudu. Wateja walimtukana mbele ya soko zima, na hawakurudi. Akafunga kizimba. Sasa alikuwa akisukuma mkokoteni Nkuhungu, mwanamume aliyekuwa na mzaha kuliko wote pale, na hakumtazama mtu usoni.

Wiki hiyohiyo dereva wa lori akamwambia Mwanne kwamba amemwona Batholomeo Mtera, anakunywa chai na wafanyabiashara wa Dar es Salaam waliokuja na Fuso lao.

"Wanacheka kweli kweli, dada. Utadhani wamezaliwa tumbo moja."

Kucheka tu! Lakini Mwanne hakulala vizuri tena: kama samaki wazuri wanauziwa wale, yeye ataletewa nini? Mumewe alishakufa, na kizimba kile ndicho kilikuwa mume, shamba na akiba. Kikifungwa, watoto wangekula nini? Aliogopa, na hofu ile ilimtafuna mpaka chakula kikakosa ladha.

Mzigo ulipofika, alijifungia nao stoo mchana kweupe. Alijiapia kwamba atafungua gunia moja tu. Alikata uzi, akamimina. Samaki wazuri, wakavu, hata jiwe hakuna. Angeishia hapo! Lakini je, lile la pili? Akalikata. Na la tatu. Hakusimama mpaka magunia yote yalipokuwa matupu na yeye ameketi katikati ya samaki, jasho linamtiririka. Hapo ndipo alipoona: wakaushaji wengine huweka wakubwa juu na wadogo chini. Batholomeo aliwaweka wakubwa chini kabisa, mahali ambapo mteja yeyote asingetazama. Mwanne alilia kwa aibu. Kisha akatafuta shazia, akashona upya kwa uzi uleule. Kifundo kilimshinda.

Asubuhi akaja Bi Kuluthumu.

"Shikamoo, Bi Kuluthumu."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu huyo, nakwambia..." Kidole gumba kikasimama juu ya mshono. "Mwanne. Hili limefunguliwa."

"Nimefungua mimi, mama. Samaki ni wazima, wallahi."

"Sijasema ni wabovu. Ulikuwa unatafuta nini?"

Mwanne akaanza kuukaza ule uzi. Bibi akajifunga kanga vizuri. "Kama wewe mwenyewe humwamini mtu wako, mimi nimwamini kwa lipi?" Akaondoka bila gunia.

Habari sokoni haihitaji miguu. Kufikia adhuhuri kila aliyekuja aliinama kwenye mshono, akaguna, akapita. Mwanne akapandwa na wazimu. "Njooni, namwaga! Tazameni wenyewe!" Akalipindua gunia, perege wakatawanyika vumbini. Watu wakajaa, wakawageuzageuza, wakawanusa, wakavuta bei chini kama wafanyavyo kwenye kizimba chochote.

"Kumwaga tu? Hata Iddy angemwaga," mmoja akasema, wakacheka.

Wiki haikuisha, Batholomeo akaja mwenyewe na mzigo mwingine, anatabasamu kutoka mbali.

"Dada Mwanne, kuna vituko! Wale wa Dar walitaka mzigo wangu wote, wa mwaka mzima. Nikawacheka. Nikawaambia mimi nina mtu Dodoma."

Mwanne alitamani ardhi impokee. Alijisogeza mbele ya magunia ya zamani, lakini kanga haifichi gunia. Batholomeo aliinama, akaushika ule mshono mbaya, akakipapasa kifundo kisicho chake. Tabasamu likatoweka.

"Ulikuta nini?"

"Samaki," alisema Mwanne kwa sauti ya kulia. "Samaki watupu, kaka. Nisamehe. Niliogopa."

Hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alivua kofia, akachomoa shazia aliyoichomeka ukingoni, akaiweka juu ya meza ya Mwanne.

"Utashona mwenyewe, dada."

Mwanne alimwita kwa jina, mara nyingi, watu wakageuka. Batholomeo alikuwa ameshafika kwenye malori, anamuuliza dereva kama lile Fuso la Dar es Salaam bado liko mjini.