Kiwi Juu ya Ufa

Mke wangu ni mtu mwema, na ndiyo maana hafai kusikiliza muziki. Ukimpigia ukulele vibaya atasema inapendeza, ukimpigia vizuri atasema inapendeza. Wiki mbili nzima alikaa mlangoni akichambua mboga na kuniambia inapendeza. Nami kwa ujinga wangu nikaamini, nikalibeba lile gitaa dogo la nyuzi nne hadi chumbani kwa dada yangu, nikijiona nimeiva.

Dada alinisikiliza mpaka mstari wa tatu wa wimbo. Akachukua kijiko akagonga chuma cha kitanda, mara moja. Nikaendelea. Akagonga tena kwa nguvu hadi bilauri ya maji ikatikisika, nikaacha. Akavuta daftari lake, akaandika neno moja, akanigeuzia nilisome.

"Kiwi."

Hapo inabidi nieleze. Mimi ni fundi viatu. Miaka thelathini ya kuvuta uzi wa nta imenizoesha kukaa mikono imepanuka, hata mezani mke wangu hulalamika kwamba namchoma mbavu. Dada alikuwa mwalimu wa muziki shuleni, na siku moja, zamani, aliniletea viatu vyake vyeusi vya kisigino, soli ya kulia imeanza kuachia. Saa kumi siku hiyohiyo alitakiwa kuongoza kwaya mbele ya wazazi. Soli ile ilitaka kushonwa. Nilikuwa na haraka zangu. Nikatia gundi, nikapaka kiwi juu ya ufa mpaka kiatu kikang'aa. Alipopanda jukwaani soli ilibaki kwenye ngazi. Aliongoza nyimbo sita mguu mmoja juu, mmoja chini. Tangu siku hiyo, chochote nyumbani kwetu kilichofanywa juujuu kiliitwa kiwi. Sakafu iliyofagiliwa katikati tu ni kiwi. Salamu za mtu anayekusengenya ni kiwi.

Kwa hiyo nilipolisoma neno lile nilijua amenikamata. Kwenye mstari wa tatu vidole vyangu vilikuwa vinashindwa, nami nilipafahamu pale, nikawa napapita mbiombio ili pasisikike.

Dada hakuwa na sauti tena. Uvimbe ulianza kama ukavu wa koo, tukasema ni chaki. Ikawa si chaki. Madaktari walimpasua mara ya kwanza, wakamtoboa shingo na kumwekea kibomba cha kupumulia. Mara ya pili hawakumpasua, walituambia tumrudishe nyumbani, zimebaki wiki chache. Mikono ilikuwa inamtetemeka kiasi kwamba hata kikombe hakukishika, sembuse nyuzi. Akaandika ombi moja tu, na kuliandika kulimchukua asubuhi nzima. Anataka kusikia wimbo wa Mama, mara moja, sawasawa, kabla hajaondoka.

Wimbo wenyewe hauna maneno. Mama alikuwa akiuimba mdomo umefumbwa, huku anaanika nguo. Dada ndiye aliyeuhamishia kwenye ukulele. Simu aliyourekodia iliibwa, na waliobaki wanaojua unavyokwenda tulikuwa sisi wawili. Mmoja mikono imekufa, mwingine anajua kushika nyundo. Nilikubali shingo upande, kisha nikawa sitaki kitu kingine chochote duniani ila hicho.

Aliweka sheria. Kugonga mara moja: simama, rudia palepale. Mara mbili: sawa, endelea. Aliponiandikia nijifunze kodi nne, yaani namna nne za kubana vidole kwenye nyuzi, nilimwambia hiyo moja tu ya nyumba inanitoa jasho. Alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, halafu akagonga mara moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurudi mwanzo. Nikiharibu mstari wa tatu naanza upya, napiga mistari miwili ninayoijua, roho inatulia, kisha naharibu palepale. Aliniandikia: "Mwanzo unaujua. Unakwenda kule kujifariji." Nilikasirika siku nzima, kwa sababu ilikuwa kweli.

Akanitaka nichukue ile sehemu mbovu peke yake, kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine, basi, polepole kwa mwendo wa saa ya ukutani. Nilibuni njia yangu kwenye kibanda changu cha viatu. Makopo mawili mezani, misumari midogo kumi ya soli katika moja. Nikihama vizuri, msumari mmoja unakwenda kopo la pili. Nikikosea, yote inarudi. Wateja walidhani nimepata kichaa. Siku ya kwanza nilifikisha misumari miwili. Baada ya siku sita nilifika saba. Vidole viliota sugu mahali ambapo hata kazi yangu haikuwahi kuziotesha.

Lakini nikiupiga mstari mzima, kidole changu kidogo kilikuwa hakifiki. Kila nilipokinyoosha kilizima uzi wa jirani, ukatoa sauti ya kufa. Nilikata kucha. Nilibadilisha kiti. Nilimuuliza Dada tatizo ni nini, akafumba macho anisikilize, akafumbua anitazame, akafumba tena. Alikuwa anatafuta, nilimwona akitafuta, na huku yeye mwenyewe anakwisha. Alikuwa haketi tena. Neno moja kwenye daftari lilikuwa linamchosha kuliko somo zima la zamani.

Asubuhi ile nilifika na misumari tisa. Tisa bila kukosea, palepale kibandani, kabla sijafungua. Niliingia chumbani karibu nikimbie. Nikaketi pembeni ya kitanda, nikapiga. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu nilikwenda polepole alivyonifundisha, sikukimbia, sikuficha kitu. Uzi ukafa.

Akagonga mara moja. Nikarudia palepale. Ukafa. Akagonga. Nilirudia mara nyingi, na kila mara kijiko. Halafu akakiacha kijiko, akaugusa mkono wake wa kushoto, hapa katikati unapokunjika, akawa anaugusagusa. Nikadhani anasikia baridi. Nikamvutia shuka nikamfunika. Akaitoa. Nikamfunika tena.

Akaonyesha daftari. Nikamwekea penseli vidoleni, nikamshikia ukurasa. Aliandika kwa muda mrefu mno, jasho likimtoka kwenye nywele, kisha penseli ikateleza hadi ukingoni mwa karatasi na kuanguka. Nikasoma.

"Kiwi."

Sijui nisemeje. Siku zile nyingine zote ningestahili. Siku ile nilikuwa nimekwenda kwa uaminifu, hatua kwa hatua, uchi mbele yake, na ndiyo siku aliyochagua kuniita tapeli. Damu ilinipanda.

"Leo sikupaka kiwi, Dada," nilimwambia. "Leo nimeshona. Kama hulioni hilo, tafuta fundi mwingine."

Alitikisa kichwa, akipapasa kitandani kutafuta kijiko. Nililaza ukulele kitini nikatoka. Nikiwa ukumbini nilimsikia akigonga. Mara moja. Kimya. Mara moja. Kimya. Mara moja. Nikavaa viatu vyangu nikaenda kazini.

Mke wangu alikuja kunichukua saa nane mchana, miguu peku, na sikuhitaji kuambiwa. Njiani alinieleza kwamba wifi yake aligonga kwa muda mrefu sana baada ya mimi kuondoka. Aliingia kumuuliza kama anataka maji, akakataa. Dawa, akakataa. Alikuwa anaonyesha mlango.

Tulimzika kesho yake. Mwalimu mwenzake aliniomba nipige kidogo, nikapiga mistari miwili, nikaacha. Watu walidhani nimezidiwa na kilio. Walinishika mabega wakasema nimepiga vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona wimbo haukwisha.

Wiki iliyofuata mke wangu alikuwa anasafisha kile chumba, akaniletea daftari kibandani aniulize litunzwe au litupwe. Nilimwambia atupe. Yeye, kwa wema wake ule unaoudhi, akalifungua ukurasa wa mwisho akauweka mezani, kati ya makopo yangu ya misumari, akasema hakuelewa kwa nini Dada hakulimaliza neno.

Nikamwambia limekwisha, ni kiwi.

Akasema hapana, tazama.

Nikatazama. Baada ya herufi ya mwisho kulikuwa na kijistari kimesimama, kirefu, na katikati yake kialama kidogo kinachoanza kupanda pembeni. Hapo ndipo penseli ilipoteleza. Ilikuwa ni k. Nilimwona tena akiugusa mkono wake pale unapokunjika, nami namfunika shuka.

Kiwiko.

Nilinyanyua ukulele uliokuwa chini ya meza, nikaushika kama nilivyozoea, na kwa mara ya kwanza nikajitazama. Kiwiko changu cha kushoto kilikuwa juu, kimetoka nje, kama navuta uzi wa nta. Miaka thelathini hakijawahi kukaa mahali pengine. Nikakishusha ubavuni. Mkono wote ukageuka kidogo, na kidole kidogo kikafika bila kunyooshwa.

Uzi ulilia safi. Nikahamisha msumari. Nikarudia, nikahamisha. Sikukosea hata mara moja. Msumari wa kumi ukaanguka kwenye kopo la pili. Dada alikuwa amelipata jibu. Katika hali ile, bila pumzi, alikuwa ametafuta hadi akalipata, akanipa, nami nikamtukana na kumfungia mlango. Angaliusikia wimbo wake siku ileile. Ilikuwa ni kushusha mkono tu.

Nikaupiga wimbo wa Mama tangu mwanzo hadi mwisho, mstari wa tatu na ule wa nne ambao sikuwahi kuufikia mbele yake. Nilipomaliza sikuinua kichwa. Nilikuwa nasubiri kijiko.

"Inapendeza," alisema mke wangu.

Safari hii ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.