Nzi wa Mlimani, Nzi wa Pwani

Siku ya nne ya moto wa Ureno, Mzee Nazarali aliingia jikoni kwangu na kompyuta kwapani, bila hodi. Nyumba yangu ya Unionville, huku ughaibuni, haina hodi. Chini nasuka nywele, juu napika, na Jumamosi hukosi wanawake watano wanaosubiri zamu huku wakimchambua asiyekuwepo. Yeye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mjane, mzaliwa wa Mwanza. Kwake kulikuwa kimya mno, ndiyo maana akaja kwangu.

"Bado?" nikamuuliza.

"Bado, Clementina."

Spéciose, Mrundi mwenye ulimi, alikuwa amekaa pale na nusu kichwa kimesukwa. "Mzee, bado unawaposa hao nzi wako? Toa mahari basi, wakuoze."

Kwa kawaida angemrudishia. Siku hiyo hata hakugeuka.

Wote walijua ana wazimu wa nzi. Ni nzi wenye manyoya kama nyuki, hawaumi, wa kusini mwa Ulaya, ambako yeye hajawahi kukanyaga. Watu huweka picha zao kwenye tovuti fulani, naye huwatajia ni nzi gani. Wasichojua wale wanawake nilikijua mimi peke yangu, mwaka mzima, na sikumwambia mtu, jambo ambalo anayenifahamu hataliamini: picha nyingi zilikuwa zimewekwa na Hira, binti yake.

Hira aliacha kazi nzuri ya uhasibu akaenda Ureno kutafiti hao nzi. Baba akamwambia, "Ukipanda ndege hiyo usinipigie simu." Hakupiga. Miezi ikapita. Mzee akaukuta ukurasa wake, akajisajili kwa jina la Mwanza47, akajifunza nzi kuanzia sifuri ili apate la kumwambia mwanawe. Hira anaweka picha, Mwanza47 anataja jina. Hira anashukuru, au anabisha. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na mmoja wao hakujua anaongea na nani.

Sasa milima ambako Hira aliandika kwamba anaishi tangu Mei ilikuwa inaungua. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ubalozi ulisema subirini.

Nilikuwa nageuza maandazi niliposikia kiti kikisogea.

"Imeingia," akasema.

Nikawafukuza wote washuke chini. Spéciose akanitazama usoni, akashuka bila neno. Ndipo nikaogopa kweli.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na nzi mmoja juu ya jiwe, picha yenye ukungu. Siku haikuonyeshwa wala mahali. Hira huvificha sikuzote, kwa sababu ya watu wanaowinda wadudu.

"Si ameituma yeye? Basi yu hai," nikasema.

"Simu ikipata mtandao inatuma picha za zamani yenyewe. Hata kama imeokotwa. Hata kama mwenyewe..." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Sikiliza. Wako wawili wanaofanana hivi. Mmoja nimemwona kwenye picha za mlimani tu. Mwingine, kwenye picha za mchangani tu, kando ya bahari. Hira hajawahi kuweka wa pwani hata mmoja. Huyu akiwa wa pwani, ameteremka. Ametoka kwenye moto."

"Na akiwa wa mlimani?"

Aliikuza picha mpaka bawa likajaa kioo. Mishipa ya bawa ilikuwa imeligawa vyumba vyumba, kama dirisha la vioo vidogo. Akanionyesha viwili karibu na bega. Wa pwani, vyumba hivyo vinalingana urefu. Wa mlimani, kimoja kinakipita kingine.

"Mimi siwezi kuangalia," akasema. "Nimewagombeza watu miaka miwili: usitaje unachotamani, taja unachokiona. Sasa naona ninachotamani. Angalia wewe. Na usinifurahishe, Clementina. Nakujua."

Nikainama. Kidole changu kilikuwa na unga, nikakifuta kwanza. Mafuta yakaanza kuungua nyuma yangu nisigeuke. Niliangalia chumba cha kwanza, cha pili, nikarudi cha kwanza. Nasuka mistari ya nywele tangu nina miaka tisa. Jicho langu halikosei kilichozidi hata unywele mmoja.

Kimoja kilizidi.

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyetoka kutapika.

"Vinalingana," nikasema.

Akaandika jina la nzi wa pwani, akabonyeza. Kisha akalia kidogo, akashukuru Mungu, akaniomba chai. Nikazima jiko. Nikamtilia sukari mara mbili. Nilikuwa nimempa mtu binti ambaye huenda hayupo. Habari ikija kesho, itanikuta mimi ndiye niliyemwambia ametoka. Nikajiambia nitamweleza akimaliza kikombe. Akakimaliza. Nikamwongezea.

Kompyuta ikalia mlio mdogo. Sote tulinyanyuka.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kama kawaida ya Hira: *Mwanza47, leo umekosea. Angalia bawa tena, vyumba havilingani. Huyu ni wa mlimani, nilimpiga picha wiki iliyopita. Sasa niko kwenye ukumbi wa shule na watu mia mbili, ndiyo kwanza nimepata mtandao.*

Mzee alisoma mara tatu. Kisha akanigeukia taratibu.

"Havilingani," akasema.

"Havilingani, mzee. Niliona."

Nilingoja anitukane. Alikuwa amekwisha kuugeukia ubao wa herufi. Alitafuta vitufe kimoja kimoja, kama mtu anayeingia chumba chenye giza. Niliyaona maneno mawili tu, *Ni baba*, kabla hajabonyeza.

Chini wanawake walikuwa wakicheka jambo. Yeye alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, macho kwenye kioo, na nafasi iliyo chini ya maneno yake ikabaki tupu.

"Anaandika?" akaninong'oneza. "Clementina, angalia wewe. Anaandika?"