Mshono Usiofunguka

Watu wa kituo cha pampu walimwita Mzee Gundi, na jina hilo hawakumpa kwa kumdhihaki. Alichokigusa kwa moto wake kilishikana moja kwa moja. Miaka thelathini na miwili ya kuchomelea, na hakuna mshono wake hata mmoja uliowahi kufunguka. Ukitaka kumwona akivimba kichwa, mwulize tu habari hiyo, kisha tafuta pa kukaa, maana hutaondoka mapema.

Mshono alioringia kuliko yote ulikuwa kwenye puli, gurudumu la mbele la injini kubwa ya dizeli, ile inayozungusha pampu na kupandisha maji mitaa yote ya juu. Puli yenyewe ilikuwa na kitovu cha chuma, kisha ukanda wa mpira, kisha pete nzito ya chuma kwa nje. Mpira ulipochoka, pete ikaanza kucheza. Sasa, kitu kinachocheza Mzee Gundi hakivumilii, hata kiwe mguu wa kiti cha jirani. Akaizungushia mshono asubuhi moja tu, pete na kitovu vikawa kitu kimoja, na mshono ukalala vizuri kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Wageni wakawa wanapelekwa kuuona.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tangu hapo krenki, ule mhimili mkubwa wa ndani unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imekatika mara mbili.

Ya kwanza wakasema ni uzee. Ya pili ilifungwa na binti yake mwenyewe Mzee Gundi, fundi wa injini, aliyekulia kwenye karakana ile akichezea nati wenzake wakichezea wanasesere. Ilidumu miezi minne. Ya tatu ilikuwa bado sandukuni na grisi yake ya kiwandani, na meneja alishatamka kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Saa nne asubuhi angemwita binti ofisini ajieleze, na asipojieleza akatafute kazi kwingine.

Saa mbili binti akaingia kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alimwita mama kwa sababu alirithi jina la bibi yake. "Umekunywa chai?"

"Baadaye. Niazime chaki mbili."

Mzee Gundi hakosi chaki kwenye mfuko wa shati, za kuchorea chuma kabla ya kukikata. Akampa. Binti akaipinda ya kwanza mpaka ikavunjika, mkato umenyooka. Ya pili akaishika ncha zote mbili, akaisokota kama anayekamua nguo. Hiyo ikakatika mshazari, mkato umezunguka. Kisha akamwongoza baba yake hadi nyuma ya karakana, akafunua gunia. Krenki mbili zilizovunjika zililala pamoja, na zote zilikuwa na mkato ule ule wa mshazari, mahali pale pale.

"Hizi hazikupindwa, baba. Zimesokotwa. Kila pistoni ikipiga, krenki inajisokota kidogo, halafu inajirudisha. Sasa kuna mwendo fulani ambao mapigo yanaiwahi pale pale inapojirudisha, kama vile unasukuma bembea. Msokoto unakua, unakua, mpaka chuma kinachoka."

"Ule mngurumo wa gia za mbele," akasema Mzee Gundi taratibu. "Tukifika mwendo wa kazi."

"Huo huo. Na kipo kitu kilichowekwa ili kuuzima. Ile pete ya nje inatakiwa icheze. Krenki ikijisokota, pete inachelewa kidogo, na mpira unaumeza ule msokoto."

Mzee Gundi alielewa, na hakutaka kuelewa.

"Mshono wangu haujawahi kufunguka!"

"Ndiyo shida yake, baba. Haukufunguka."

Maneno yale yalimkata maini. Alitaka kumwuliza nani aliyemfundisha kushika spana, lakini jibu alikuwa nalo.

"Umemwambia meneja?"

"Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Wewe omba tu puli mpya, sema hii imechakaa. Nataka ibadilishwe hata kama mimi sipo."

"Akufukuze, nawe umenyamaza?"

"Wewe ni baba yangu," akasema binti, akafunika gunia na kwenda zake.

Saa nne meneja alikuwa na daftari la kazi mbele yake. Aliuliza kama boliti zilikazwa kwa kipimo. Binti akasema ndiyo. Akaulizwa basi kwa nini krenki imekatika, naye akatazama sakafu.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Mzee Gundi akaingia bila hodi, puli begani, jasho linamtiririka, akaibwaga juu ya daftari.

"Usimwulize yeye. Aliyevunja krenki ni mimi."

Akamkabidhi meneja chaki, akamwamuru aisokote, na meneja, ambaye si mtu wa kuamrishwa, akaisokota. Mzee Gundi akaeleza yote, mpaka bembea. Hakujitetea hata kwa neno moja.

"Nani kagundua haya?"

"Mwanangu."

"Mbona hakusema?"

"Alinisitiri. Na mimi siwezi kusitirika kwa mgongo wake."

Puli mpya ilifika baada ya wiki mbili, na binti akaifunga pamoja na krenki ya tatu. Siku ya kuwasha, karakana nzima ilisimama pembeni, mikono nyuma. Binti akapandisha mwendo polepole. Walipokaribia pale penye mngurumo, Mzee Gundi akashika nguzo. Mshale wa kipima mwendo ukapafikia, ukapapita, ukarudi ukatulia pale pale, na gia hazikunguruma. Machozi yakamtoka mzee yule mbele za watu, akayaacha yatoke, kwa kuwa hajawahi kuona fahari kubwa kama ile.

Krenki ile bado inazunguka. Puli ya zamani imetundikwa ukutani, na wageni bado wanapelekwa kuiona. Mzee Gundi hupapasa mshono, akawaambia kwamba haujafunguka mpaka leo, na kwamba nusura uwaue watu wa mitaa ya juu kwa kiu. Kisha humnyooshea kidole fundi aliyeinamia injini, huchomoa chaki mfukoni na kumpa mgeni.

"Sokota," humwambia. "Hivi ndivyo mwanangu alivyonifundisha kazi."