Mpunga wa Mbegu wa Bi Sihaba

Bi Mwantum alitandika mkeka barazani, akaketi na msahafu mapajani, uso mkunjufu kama anayengoja wageni wa harusi. Mdogo wake Miraji, mwenyekiti wa msikiti wa Mtunda, alikuwa ameshatoa ahadi ya kuuuza. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila kitu kilipata mnunuzi, ati! Huyu Saadi, mchuuzi wa vitu vya kale kutoka Dar, alishazoa milango ya nakshi mpaka ng'ambo ya kivuko cha Ndundu. Sasa aliutaka msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono, naye angeuezeka msikiti kwa mabati mapya.

"Dada, paa linavuja," Miraji alimnong'oneza. "Usinitie aibu mbele ya mgeni."

"Mimi? Thubutu!"

Saadi akanyoosha mkono auchukue. Bi Mwantum akaupiga kofi. "We! Hata udhu hujatia?"

Majirani waliokuja kushuhudia wakaangua kicheko. Saadi naye akacheka, kwa shida. "Bi mkubwa, nataka kujua umri wake tu. Wazungu hawanunui bila ushahidi."

"Ushahidi upo ukurasa wa mwisho. Miaka nenda miaka rudi namwambia Miraji, ananijibu hizo ni hadithi za bibi. Haya Miraji, baba, wewe una udhu. Soma, tena kwa sauti."

Bi Mwantum mwenyewe aliyajua maneno yale tangu utotoni.

Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miraji akasoma: "Mwaka wa vita vya Majimaji, askari wa Mdachi walichoma msikiti na ghala zote. Sihaba binti Muhidini alibaki na kilindo kimoja, kasha la gome la mti, kimejaa mpunga wa mbegu. Akaumwaga mpunga, akautia msahafu humo, akakimbilia msituni. Njaa ilipoingia..."

Akainua macho kumtazama dada yake.

"Malizia," akasema Bi Mwantum.

"...mwanawe Abdulatifu akafa. Msahafu huu ni wakfu. Hauuzwi."

Saadi akakohoa kidogo. "Naongeza bati ishirini."

Miraji hakumtazama. "Dada, huyu Abdulatifu si ndiye baba mkubwa wetu?"

"Ndiye, mwana wa kwanza wa bibi. Hakufikisha miaka minne."

Miraji akaufunga msahafu taratibu, akaurudisha mapajani kwa dada yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

"Umechelewa, ndugu yangu," akamwambia mgeni. "Huu alishaulipia mtoto."

Bi Mwantum akawageukia majirani. "Haya, nani anajua kusuka makuti? Kesho tunaezeka."