Donge la Mwisho la Najiya

Siku ya tatu bila umeme, friza ya Rahamim ilianza kutoa maji. Mwanzo yalidondoka tone moja moja, kisha ukawa mkondo mwembamba uliopita chini ya meza na kufuata vigae mpaka mlangoni. Rahamim alipiga magoti akauziba kwa taulo, akaongeza taulo la pili. Mlango wa friza hakuthubutu kuufungua.

"Vumilia," aliliambia lile sanduku jeupe. "Alhamisi si mbali."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu: donge la unga uliokandwa, ukubwa wa ngumi mbili, ndani ya mfuko wa nailoni. Najiya mkewe alilikanda pamoja na mikate ya Sabato yake ya mwisho, akalibakiza la wiki ijayo. Wiki ijayo ilimkuta kaburini. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwepo mwana wa kumsomea dua za marehemu. Ila siku ya maziko rabi alisema neno moja, na Rahamim, ambaye shule aliiacha darasa la nne akaenda kubeba magunia kwenye kiwanda cha mikate, alilishika hilo hilo. Rabi alisema kila baraka inayotamkwa juu ya chakula kwa ajili ya marehemu, watu wakaitikia Amina, humpandisha ngazi moja huko aliko. Rahamim akaapa kwamba mwaka ukitimia, mkate utakaobarikiwa kwa ajili ya Najiya utakuwa wa mikono ya Najiya mwenyewe. Mwaka ulikuwa unatimia Alhamisi.

Na sasa hili. Kwenye ngazi za jengo kulibandikwa karatasi: umeme utakatika kwa saa mbili, tunaomba radhi. Haikuwa na jina la mtu. Waliochimba barabara walikata waya, wakawalaumu waliochora ramani, na waliochora ramani bila shaka walikuwa wamekaa mahali penye kiyoyozi wakinywa kahawa. Asubuhi ile Rahamim alisimama ukingoni mwa mtaro akawatukana wote, hasa msimamizi wao, Gavriel, jitu la mabega mapana lenye kofia ya njano.

Saa nane mchana alisalimu amri. Alifungua friza, akalizungushia donge taulo lenye maji baridi, akashuka nalo mpaka sinagogi. Jiko la pale lilikuwa na umeme kutoka barabara nyingine. Ovadia, mwangalizi wa sinagogi, alikuwa mlangoni na funguo zake kiunoni.

"Siku mbili tu, Ovadia. Liweke kwenye friza yenu."

"Chakula cha nje hakiingii jikoni, Rahamim. Tuna cheti cha chakula halali ukutani. Mkaguzi akilikuta?"

"Cha nje? Najiya amewakandia mikate miaka ishirini humu humu!"

"Mungu amrehemu. Lakini alikuwa anakanda hapa, chini ya macho yetu. Hilo limetoka nyumbani."

"Basi tufanye kumbukumbu yake leo. Niitie watu kumi wa kuitikia Amina."

"Leo ukumbi una shughuli ya mfadhili. Samaki wameshafika." Ovadia alishusha sauti. "Usinitolee macho. Mimi sheria sikuitunga."

"Hapana, wewe huwa hutungi kitu. Wewe unashika funguo tu."

Aliondoka. Njiani alihisi donge likilainika ndani ya taulo. Alipofika nyumbani lilikuwa limevimba, limepasua mfuko, na lilinuka uchachu. Halikuwa la kurudi kwenye barafu tena. Ama lipikwe saa ile, ama litupwe.

Alimwita Mama Simha wa ghorofa ya juu, mwanamke pekee jengoni ambaye alikuwa bado hajagombana naye.

"Wallahi unanuka kama kiwanda cha pombe," alisema Mama Simha akiingia. Alipoliona donge akaliinamia. "Ni la kwake?"

"La kwake."

"Alikuwa ameshatoa kipande cha Mungu?"

Rahamim hakujua. Miaka arobaini alimwona mkewe kila Ijumaa akimega kipande kidogo cha unga, akikitamkia baraka na kukichoma, na hakuwahi kuuliza kinatolewa wakati gani. Alimtazama Mama Simha kama mtu aliyeulizwa jina la mamake akalisahau.

"Basi mega wewe," alisema Mama Simha. "Ila bila baraka. Ukiwa na shaka usilitaje Jina la Mungu bure."

"Hata hapo baraka imekatazwa?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Choma."

Alikimega kipande, akakichoma juu ya moto wa gesi mpaka kikawa mkaa. Oveni ilikuwa ya umeme, kwa hiyo Mama Simha alifudikiza karai juu ya jiko, akalitandaza donge juu yake kama walivyofanya mama zao Kurdistani. Ukatoka mkate mmoja mpana, umeungua upande mmoja. Mama Simha akapanda juu kwake kufuata chumvi.

Hapo ndipo Rahamim alipokosea. Pupa ilimshika, akachukua kopo, akanawa mkono wa kulia, akanawa wa kushoto, akaitamka baraka ya kunawa. Alipokuwa anajifuta ndipo alipokumbuka kwamba hakuna mtu wa kumwitikia Amina kwenye mkate. Na mtu akishanawa hasemi tena neno mpaka auonje mkate. Angewezaje kuwaita majirani?

Alitoka kwenye ngazi, mkate mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua juu usiguse kitu.

Kijana wa ghorofa ya pili alipita na ndoo. Rahamim alimgunia: "Mm! Mm!" Kijana aliteremka mbio, maana alishazoea kufokewa na mzee yule. Mama mmoja alitoka, akaona ni yeye, akafunga mlango. Mwaka mzima alikuwa amewatukana watu hawa mmoja baada ya mwingine, na sasa hakuna aliyetaka kujua ana shida gani. Machozi yalimtoka kwa hasira.

Ndipo akapanda Gavriel na tochi yake, anakagua mita.

"Ahaa, mzee wa matusi! Tukana basi, nakusikia."

"Mmm!"

"Una nini? Hee! Jamani, huyu mzee amekauka ulimi! Ni kiharusi!"

Milango ilifunguka. Mama Simha alishuka mbio na chumvi yake, akaiona mikono yake iliyonawiwa.

"Kiharusi babako! Amenawa, hawezi kusema. Simameni hapo, simameni wote! Mtaitikia."

Wakasimama. Rahamim alichovya mkate kwenye chumvi, na sauti ikamtoka imekwaruza: "Umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, utoaye mkate katika ardhi."

"Amina," walisema, na sauti ya Gavriel ilikuwa nzito kuliko zote.

Aliuma. Ulikuwa mchungu na mchachu, na ndani yake mlikuwa na hubasoda, zile mbegu nyeusi alizozipenda Najiya. Akameza.

"Kwa ajili ya Najiya," alisema. "Naweni, nanyi mbariki."

Mama Simha aliwamiminia maji. Gavriel alinawa tope, akabariki, wakaitikia. Yule mama aliyefunga mlango akabariki. Rahamim aliingiwa na wazimu fulani. Kila aliyepita kwenye ngazi alimshika mkono: njoo, nawa, bariki. Kila Amina alihesabu ngazi. Alimega, akamega, akamega, mpaka vidole vikagusana vitupu.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Ndani, kwenye kitambaa cha meza mkate ulipowekwa kwanza, kulibaki kipande kidogo kama kucha. Rahamim aliketi mezani akakitazama, na ndipo alipotambua kwamba Alhamisi, kwenye kumbukumbu, Ovadia angeweka mezani mkate wa dukani wenye cheti.

"Soma shukrani za mlo, Rahamim," alisema Mama Simha kwa upole. "Muda wake utapita."

Alizijua kwa moyo. Lakini mtu akishasoma shukrani mlo umekwisha, na baada ya mlo huu hakukuwa na mwingine wa mikono ile.

Aliweka kipande kile ulimini, akafunga mdomo. Hakutafuna.

Taa iliwaka ghafla. Kwenye kona ya jiko, friza ilitetemeka, ikaanza kunguruma, inagandisha hewa tupu. Chini barabarani watu wa mtaroni walishangilia.

"Rahamim. Soma, mwanangu."

Alitikisa kichwa. "Bado nakula," alisema, bila kuusogeza ulimi.