Tumbo Lililofungwa Kitambaa

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyopinda nguo bila uzi kuonekana, alishika mimba akiwa na miaka arobaini na minne. Mwanzoni alidhani ni umri tu, hedhi inamuaga. Alipokuja kushtuka, binti yake wa pekee, aliyeolewa mwaka uliopita, alikuwa ameshampigia simu akilia kwa furaha.

"Mama, unapata mjukuu!"

Mama Pindo alishangilia simuni, kisha akaketi juu ya marobota ya vitambaa akajishika kichwa. Mama na binti kubeba mimba pamoja! Wakwe watamtazama kwa jicho gani? Alipomweleza mumewe, seremala asiye na maneno mengi, mume alicheka mpaka randa ikamponyoka.

"Mimba si wizi, mke wangu."

"Unasema hivyo kwa sababu hulibebi wewe tumbo. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

Akakata kipande cha kaki nzito, akakitia kamba, akawa anajifunga tumbo kila asubuhi kabla ya kuvaa gauni pana. Tumbo likizidi kukua, naye anazidi kukaza. Akiwa peke yake kwenye cherehani, mtoto akianza kuchezacheza, alimkemea kwa sauti kabisa: "Tulia huko! Nani alikuita?" Wateja walipomwambia amenawiri, alijibu kwamba ni kula ovyo.

Siku moja binti yake alimwomba amsindikize kliniki kupigwa picha ya tumbo, maana mumewe alikuwa safarini. Kukataa hakukuwezekana. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda chembamba, pazia limefungwa jua lisiingie. Mkunga, mwanamke mchangamfu, alimpaka binti mafuta tumboni, akatembeza kifaa chake, na kwenye kioo akatokea mtu mdogo amejikunja.

"Huyo hapa," mkunga alisema. "Miezi mitano. Moyo ulianza kudunda zamani, yeye mwenyewe akiwa kama punje ya dengu. Sasa vidole vimeshatengana, na mistari ya kwenye ncha zake imeshajichora. Macho bado kayafumba. Analala, anaamka, anameza yale maji anamoogelea. Na masikio yameanza kazi."

"Anasikia nini?" binti aliuliza.

"Moyo wako. Tumbo lako likinguruma. Na sauti yako zaidi ya sauti zote. Maneno hayajui, lakini sauti ataizoea, na akizaliwa ataitambua."

"Basi leo nitamwimbia mpaka achoke!"

Wakacheka wawili hao. Mama Pindo uso ulimwaka kama aliyekaa karibu na jiko. Mimba yake ilikuwa imeipita ile kwa wiki kadhaa. Alizikumbuka asubuhi zote alizomkaripia kiumbe asiye na pa kukimbilia. Kabla hajajizuia, swali likamtoka.

"Dada, na mtu akijifunga tumbo? Mtoto anaumia?"

Mkunga aligeuka. Alimtazama gauni, akamtazama na pumzi alizokuwa akizivuta kwa taabu.

"Mtoto ana maji yanayomkinga," alijibu polepole. "Lakini mama anabanwa, anakosa pumzi, na damu haizunguki vizuri, nayo ndiyo inayompelekea mtoto chakula. Nani kajifunga?"

Binti akainuka kwa viwiko, mafuta yakimchuruzika ubavuni.

"Mama?"

Mama Pindo akaanza kufungua kamba akiwa ameinamisha uso. Kaki ilipoanguka sakafuni, tumbo lilijitokeza mbele ya mwanawe, na lilikuwa na michirizi myekundu ya kubanwa.

"Kila siku nakupigia nikulilie kichefuchefu," binti alisema, "kumbe na wewe unacho, umekaa kimya? Umenionea aibu mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Nimejionea aibu mwenyewe." Hata masikioni mwake jibu lile halikutosha.

Mkunga alimlaza Mama Pindo, akampima. Mtoto alikuwa mzima, moyo unakwenda vizuri, ila mama alionywa vikali asirudie. Binti alimshika mkono alipokuwa akishuka kitandani, akauachia walipotoka nje. Walipofika nyumbani kwa binti, alimgeukia.

"Mama mkwe wangu nitamwambia mimi?"

"Hapana. Nitasema mwenyewe."

Akaenda jioni ile ile. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, akaita na jirani aje asikie. Mama Pindo aliketi na kicheko kile akakimeza chote. Kilichomwuma hakikuwa hicho. Alipobaki peke yake aliweka mkono tumboni amwombe mtoto radhi, akakosa pa kuanzia. "Ni mimi," alisema, akaona haya hata kwa maneno hayo mawili.

Kesho yake alifungua duka akiwa amevaa gauni la kumkaa vizuri. Mteja wa kwanza aliingia, macho yakamshuka hadi tumboni, yakakwama hapo.

"Huyu ni wa miezi mitano na ushee," Mama Pindo alimwambia kabla hajaulizwa, mashavu yakimwaka. "Geuka nikupime mabega."