Maji Yaliyohamia kwa Mama Tope

Kila asubuhi saa moja kasorobo, Mama Tope alichota kikombe kimoja cha tope la jana na kulimwaga katika tangi la leo. Kiwanda kilitia vitambaa rangi, na maji machafu yaliyobaki yalisafishwa tangini na vijidudu, mamilioni kwa mamilioni, wasioonekana kwa macho. Kikombe kile hakikuandikwa katika mwongozo wowote. Mwenyewe alisema wageni sharti wapokelewe na wenyeji, la sivyo hawatazoea kazi. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na maji yalitoka safi.

Kisha akaja mhandisi mpya na kipimo chake. Kipimo kilionyesha kwamba tangini mna aina tatu za vijidudu. Wa kwanza waliikatakata rangi. Wa pili walikula makombo ya wa kwanza, ambayo yangeachwa yajae yangewaua wote. Wa tatu hawakula rangi wala makombo. Walikuwepo tu.

"Hawa ni kupe," mhandisi alisema.

"Hao ndio wanaowashikanisha wenzao, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiwatoa, kila mmoja atashika njia yake."

"Una ushahidi, mama?"

Hakuwa nao. Alikuwa na mikono tu.

Kuwaondoa wa tatu kulichukua wiki mbili. Ijumaa mhandisi alipomaliza, aliivuta orodha ya wafanyakazi akaipitia kwa macho yaleyale, kalamu mkononi. Kulikuwa na mtu wa pampu, mtu wa dawa, na mwanamke mwenye kikombe. Barua ya kumwachisha kazi Mama Tope ilikuwa na mistari minne. Alirudisha kitambulisho langoni akaondoka kwa hasira, na anayesema alikuwa na huzuni tu hamjui.

Jumatatu saa nne asubuhi maji yalitoka tangini. Yalipanda ukuta, yakateremka upande wa pili, yakapita chini ya lango na kufuata ukingo wa barabara. Watu walipandisha suruali wakayapisha. Mlinzi aliandika saa yalipotoka, kisha akaendelea na chai yake, maana hakuna aliyemwagiza kuyazuia.

Mume wa Mama Tope, fundi cherehani, alikuwa barazani akikata kola ya shati.

"Mke wangu," aliita bila kuinua macho, "una wageni."

Maji yaliingia bafuni, yakajaza beseni, ndoo na pipa, na yaliyokosa nafasi yakaegemea ukuta. Mama Tope akachovya mikono. Vijidudu wa tatu walikuwa wamejibanza chini ya kucha zake miaka yote hiyo, sabuni isiwaweze, na wenzao walikuja kuwafuata. Maji yakatulia. Yeye ndiye hakutulia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akapiga pasi sare, akaenda tena.

"Sasa wataniita," alisema.

Hicho tu ndicho alichokitaka, jina lake lirudi kwenye orodha.

"Watakuita," mumewe alisema, naye siku hiyo akaanza kuoga kwa jirani.

Kiwandani rangi ilifurika mitaroni. Mkurugenzi aliitisha kikao, na hakuna aliyeuliza maji yanawezaje kutembea. Waliuliza yamekwenda wapi. Mhandisi aliandika ripoti nzuri yenye picha: mfumo umejihamisha wenyewe na unafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, sababu haijulikani. Jumatano mafundi bomba walilaza bomba kutoka kiwandani hadi bafuni, wakapigilia kibao mlangoni: Kituo cha Pili. Chanda chema huvikwa pete, na mhandisi akapandishwa cheo.

Alipokuja kukagua, Mama Tope alimsubiri kizingitini akiwa na sare yake.

"Na mimi je?"

"Nafasi yako ilifutwa, mama. Mfumo unajiendesha wenyewe."

"Unajiendesha, na mikono yangu ilikuwa humo tangu alfajiri?"

Mhandisi alitazama kipimo kwa makini, kwa sababu hakutaka kumdhulumu mtu. Kipimo hakikuonyesha mikono.

Kesho yake mlinzi wa langoni aliletwa na meza yake, akakaa ukumbini kati ya cherehani na mlango wa bafu. Alikuwa amemwamkia Mama Tope kila siku kwa miaka minane, na macho aliyainamisha.

"Shikamoo, mama. Wasio wafanyakazi lazima waandike jina. Ni amri tu, si mimi."

"Marahaba. Lete."

Aliandika jina na saa ya kuingia. Safu ya mwisho iliuliza amekuja kumwona nani. Alifikiri kidogo, akaandika: wenzangu.

Aliingia, akapiga magoti kando ya beseni, akatia mikono hadi viwikoni. Maji yalikuja yote upande wake. Saa sita kamili mlinzi alibisha hodi akamtoa, kwa kuwa muda wa wageni ulikuwa umekwisha.